Ncha ya Kidole

Juni ya Njombe haibishi hodi.
Hupita chini ya mlango, ikagandisha mafuta ndani ya kopo,
na kwenye mikunjo ya viwiko vya Aidani mwanangu
ikawasha.

Mimi mfumaji. Nafuma sweta za shule,
za damu ya mzee, za kijani cha chai.
Nusu ya Mji Mwema imevaa vidole vyangu,
ila huyu wa kumzaa mwenyewe
sufi yangu inamla.
Namvalisha fulana ya pamba kwanza, mbili,
ndipo namfunika kwa kazi ya mama yake.

Usiku nasikia kucha.
Kra, kra, kama panya kwenye debe la mahindi.
Asubuhi shuka lina vidoa,
nami navihesabu kama vitanzi kwenye sindano:
kumi na moja, kumi na mbili, nimepotea, naanza upya.

Ilikuwepo tyubu. Tuliinunua sokoni,
kati ya nyanya na betri za redio,
haina karatasi, haina jina la mgonjwa.
Siku tatu tu, ngozi ikanyamaza.
Nikasema, Mungu ameniona.
Dada yangu Vestina akasema, nigawie kidogo, ya uso.
Kidogo ikawa kila asubuhi.
Kidogo ikawa na jioni.
Kidogo ikala mwaka.
Aling'aa, wakamsifu kwaya nzima;
kisha mishipa ikachungulia mashavuni
kama nyuzi za upande wa ndani wa sweta,
ule ambao mteja haonyeshwi.
Alipoacha ghafla, uso ukawaka,
hata upepo wa dirishani ukawa kofi.

Basi nikaitupa tyubu chooni. Nikaapa.
Nikampaka mtoto maji ya majani,
nikampaka samli, nikampaka maombi.
Alijikuna mpaka shuka likashikana na ngozi.
Aliyeumwa na nyoka, unyasi humshtua;
na unyasi wangu, kumbe, ndio uliokuwa dawa.

Kliniki, muuguzi Mwalongo hakunigombeza.
Alishika mkono wangu, si wa mtoto,
akakamua mstari mweupe juu ya kidole cha shahada,
kutoka nchani mpaka mkunjo wa kwanza.
"Hiki ndicho kipimo.
Kinaenea viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole.
Kwa viwiko vya huyu, nusu."

Nusu! Nami nilikuwa nasiliba kama ukuta.

"Mafuta mazito kwanza, angali na unyevu wa kuoga.
Subiri chai ichemke.
Kisha hii, palipowaka tu, kwa siku zilizoandikwa hapa.
Ya viwiko si ya uso. Ya Aidani si ya jirani.
Pakitulia, rudi, tutapunguza pamoja.
Na ukiona duara lenye ukingo, mfano wa sarafu,
usipake, njoo nalo:
huenda ni fangasi,
na fangasi chini ya hii hunenepa kimyakimya."

Nikauliza, nikitazama sakafu: na mtu mzima,
aliyeipaka usoni mwaka mzima?

Alifunga kizibo polepole.
"Mlete. Asione haya.
Ngozi hurudi, ila haina haraka kama sisi."

Vestina hajaenda.
Kila Jumatatu anasema baridi,
anajitanda kitenge mpaka chini ya macho,
anapalilia viazi vyake jua likishazama.

Leo sufuria imetokota. Mstari mweupe uko kidoleni.
"Mama, leo nusu?"
"Nusu."
Aidani ananyoosha kiwiko kwenye mwanga wa koroboi,
pekundu pamebaki pa ukubwa wa kifungo.
Ng'ambo ya jiko kitenge kimeshuka.
Dada yangu amenyoosha kidole chake cha shahada,
mkavu, hauna kitu,
na anakitazama kuanzia nchani
mpaka mkunjo wa kwanza.